Fildi wiki 8 nimerudi sijui hata kuandika hati ya kiapo. Wanasheria wa Dar, wapi mtu anajifunza kazi kwa vitendo?

BintiTabata

Habari za humu wakuu, na shikamooni kwa walionizidi umri.

Mi ni mwanafunzi wa sheria hapa hapa Dar, Oktoba naingia mwaka wa nne ambao ndo wa mwisho. Ijumaa iliyopita nimemaliza fildi kwenye ofisi moja ya mawakili huku mjini, ofisi siitaji maana watu walinipokea vizuri na sina ugomvi nao. Ila nimerudi nyumbani na kitu kinaniuma na sijui nimweleze nani, manake darasani kwetu ukiuliza kila mtu anakwambia fildi ilikuwa poa tu.

Wiki 8 zile kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga mafaili, kutoa kopi, kupeleka barua na kupokea simu. Sikulalamika, nikajua ndo kuanza. Sasa wiki ya sita asubuhi moja wakili anawahi mahakamani, pale mapokezi amekaa baba mmoja wa makamo ana bahasha ya kaki imechakaa, wakili akanigeukia akasema "msikilize huyu mzee, mwandalie hati ya kiapo, anaomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, nikirudi saa nane niikute." Akaondoka.

Jamani mi somo la mwenendo wa madai nina A. Nakumbuka mpaka namba za amri na kanuni. Lakini yule baba alivyoanza kuongea, anaanzia katikati, anarudi nyuma, mara kiwanja, mara ndugu yake, mara alilazwa, nilikaa na kalamu sijui hata niandike nini. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, nikaweka kesi mbili ndani yake nikijua ndo nimeipendezesha, nikamalizia na kuiomba mahakama itende haki. Wakili alivyorudi akaisoma kimya, akapiga mstari kutoka kona hadi kona, akakaa mwenyewe akaandika upya kama dakika 20 hivi. Hakunigombeza wala hakunieleza kosa ni nini. Yule baba alikuwa bado amekaa pale anatuangalia, tangu asubuhi hajala, na masaa yote yale alikuwa ananisubiri mimi.

Hicho ndo kinachoniuma. Naomba kuuliza, kuna sehemu hapa Dar mwanafunzi anaweza kujifunza hii kazi kwa mikono kabla ya kufika Law School, kile chuo unachopita baada ya digrii ili uwe wakili? Sina hela ya kozi, nauli napata. Na mtu anaanzia wapi, kuandika, kusikiliza kesi, au nini? Naombeni majibu ya kweli.

Koti_Jeusi

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma mara mbili hii na nimeamua nisiseme "utazoea" kama wengi watakavyokwambia, kwa sababu mtu hazoei kitu ambacho hajaonyeshwa.

Mi ni wakili, nimeingia kwenye daftari la mawakili kwa njia ya zamani kabla Law School haijaanza kupokea wanafunzi 2008. Enzi zetu ulikuwa unafanya intaniship mwaka mzima alaf unaenda kuhojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Kwahiyo sisi tulifundishwa na watu, ukipata mtu mzuri umepona na ukipata asiye na muda ndo basi, na hilo naona bado lipo mpaka leo.

Ngoja nikueleze wakili wako aliona nini kwenye karatasi yako, manake hilo ulistahili kuambiwa siku ile ile. Hati ya kiapo ni ushahidi wa maandishi ambao mtu anauapia. Yule mzee ndo anaongea pale, wewe umemshikia kalamu tu. Sasa mzee wa bahasha ya kaki anajua kesi za Mahakama ya Rufani? Hajui, kwahiyo huwezi kumuapisha kwamba anazijua. Kuna shauri la zamani la 1966, Uganda v. Commissioner of Prisons, Ex parte Matovu, mpaka kesho linatumika kwetu, linasema hati ya kiapo ibebe mambo ya ukweli anayoyajua muapaji, isibebe hoja za kisheria, maoni, maombi wala hitimisho. Kesi zako mbili zilikuwa hoja ya kisheria. Ile "mahakama itende haki" ni ombi, kazi yake iko kwenye hati ya maombi yenyewe, huku haikai.

Alaf kuna jambo zito zaidi. Maombi ya kuongezewa muda yanashinda au kufa kwenye hesabu ya siku. Mahakama inataka kila siku ya kuchelewa ielezewe, hata siku moja. Chukulia mzee alitoka hospitali tarehe 14 Machi, karatasi ya kuruhusiwa ipo, na maombi yanasajiliwa tarehe 2 Aprili. Hapo katikati kuna siku 19, zilikwenda wapi? Alikuwa anatafuta nakala ya hukumu? Aliiomba lini, kwa barua gani, akapewa lini? Alikuwa hana nauli anakaa kwa dada yake? Basi liandikwe, na dada naye ale kiapo chake, manake ukimtaja mtu kwenye kiapo cha mwenzie na yeye hajaapa hayo yanakuwa maneno ya kusikia tu. Ukimwandikia mzee "nilikuwa mgonjwa kwa muda mrefu" umemzika na ana haki yake mkononi.

Kwahiyo unapomsikiliza mtu chora mstari kwenye karatasi, weka tarehe. Ya kwanza, ya mwisho, na za katikati. Mwache aanze popote anapotaka, aongee mpaka achoke, wewe kila akitaja jambo muulize "hiyo ilikuwa lini, kabla ya Ramadhani au baada?" Watu wetu wengi tarehe hawazishiki ila wanakumbuka msiba, mvua, mfungo, mtoto kufungua shule. Ukipata hayo unarudi kwenye karatasi zake unapata tarehe.

Baada ya hapo ndo unaandika. Aya moja jambo moja. "Kwamba mimi ndiye mleta maombi katika shauri hili, hivyo nayafahamu mambo ninayoyaapia." Halafu lini hukumu ilitoka. Halafu lini aliugua. Mwishoni uthibitisho, unatenganisha yale anayoyajua mwenyewe na yale aliyoambiwa, na aliambiwa na nani. Na jurati, pale anapoapa mbele ya kamishna wa viapo, lazima ionyeshe mahali na tarehe ya kuapa, sheria ya makamishna wa viapo Sura ya 12 inataka hivyo. Nimeshaona maombi ya watu yakitupwa kwa sababu ya jurati, mteja yuko nyuma ameketi hajui hata jurati ni nini.

Zoezi nakupa. Mwandikie upya yule mzee, kwa kumbukumbu zako, jina lake usiliweke. Uilete hapa nikusahihishie.

MasijalaTu

Wakili kasema kweli tupu. Mi niongezee upande wa dirishani manake nimefanya kazi masijala ya mahakama, pale nyaraka zinapopokelewa, miaka mingi sasa.

Wanafunzi wa sheria wanakuja kwetu wanataka kuona majaji wakisikiliza kesi kubwa za magazetini. Sisemi vibaya, ila shule iko dirishani. Kaa pale siku mbili uone nyaraka zinavyorudishwa. Mtu kaleta shauri la mirathi, cheti cha kifo kimeandikwa Mwajuma Ally, muhtasari wa kikao cha ukoo umeandikwa Mwajuma Ali, kitambulisho kina Mwajuma Alli, na kwenye hati ya nyumba yupo Mwajuma binti Ally. Ni mama mmoja huyo huyo, lakini karatasi zinasema wanawake wanne. Hapo ndo unajifunza hati ya kiapo ya majina inatumika lini. Mtu mwingine kaambatanisha vielelezo hajaviwekea alama, ndani ya hati anasema "kielelezo A" ukigeuza nyuma hamna A. Mwingine kaleta nyaraka haina jina la aliyeiandaa wala anwani yake.

Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwa mtandao, unapandisha faili, unapata namba ya malipo, ila makosa ni yale yale tu ya zamani yamehamia kwenye kompyuta.

Dada nenda Temeke, kile Kituo Jumuishi cha mambo ya familia. Kuna mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu kwenye jengo moja, mirathi, ndoa, talaka, matunzo ya watoto, vyote unavikuta. Mahakama ya wazi mtu yeyote anaruhusiwa kukaa, zima simu, inama unapoingia na kutoka, usitafune kitu. Mambo ya watoto mengine yanasikilizwa faragha usiingie bila kuulizia. Asubuhi pita ubao wa matangazo usome orodha ya mashauri, yaliyoandikwa kutajwa yanaisha dakika 3, wewe tafuta yaliyoandikwa kusikilizwa ukae hapo. Ukirudi nyumbani chukua shauri moja uliloliona uandike nyaraka ambayo ungeileta wewe.

Kitu kingine wengi hawakijui, msimamizi wa mirathi wa mahakama ya mwanzo ana miezi 4 ya kuleta orodha ya mali na madeni, Fomu Namba 5, na hesabu anaziweka kwenye Namba 6. Ziombe uzione zikoje tupu, uzijaze mwenyewe kwa familia ya kufikirika. Mi kila mwezi naona wasimamizi wamekwama hapo na hawana wa kuwaeleza.

Kimara_Mwisho

BintiTabata nimekuelewa sana, mi nimetoka Law School juzi juzi. Ntakwambia ukweli ulivyo, ukifika kule huna hiki unachokitafuta sasa hivi utateseka.

Kumbuka Oktoba 2022 yale matokeo yaliyozua gumzo nchi nzima, watu 633 walifanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye sapu (wa kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (kuondolewa chuo) 265. Ndumbaro, aliyekuwa Waziri wa Katiba na Sheria wakati ule, akaunda kamati chini ya Dokta Mwakyembe kuangalia tatizo ni nini. Mtaani watu wakawa wanabishana, wengine wanasema chuo kinakomoa, wengine wanasema watoto wamekuwa wavivu. Mi nilikuwa bado chuo wakati ule na nilikuwa naogopa mpaka nikataka kuomba kazi benki niachane nayo.

Nilipoingia nikaona swali linavyokuja. Huulizwi eleza aina za ushahidi. Unapewa hadithi ya kurasa mbili, mfanyakazi kaachishwa kazi, ana barua, ana mashahidi, ana deni la mshahara, unaambiwa andaa nyaraka ya kufungulia mgogoro. Kama hujawahi kushika fomu namba 1 ya CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa mikono yako unaanza kuandika hati ya madai kama uko mahakama ya wilaya, umeshapotea hapo. Na aliyeachishwa ana siku 30 tu za kwenda CMA, hiyo nayo imefichwa kwenye tarehe ndani ya hadithi usipoiona hujaomba msamaha wa kuchelewa, umepotea mara ya pili.

Kilichonisaidia mimi tulikuwa watu watano tunakutana kila jumamosi, mmoja ni mdai, mmoja mdaiwa, mmoja hakimu, mmoja shahidi na mmoja karani. Tunachukua hukumu halisi kutoka TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, iko bure kabisa hata kwa simu, tunasoma ukweli wa kesi tu hatusomi alichoamua jaji, tunaandika nyaraka zetu, tunasikiliza kesi nzima na maswali ya dodoso juu, yale ya kumbana shahidi wa upande wa pili, mwisho ndo tunafungua kuona jaji alisemaje. Mara ya kwanza nimemhoji shahidi nilimuuliza swali "kwanini ulifanya hivyo?" akaongea dakika kumi akanimaliza. Tangu siku ile nikajua dodoso mtu haulizi swali ambalo hajui jibu lake, na swali liwe fupi la ndiyo au hapana. Hilo nilikuwa nimelisoma kitabuni tangu mwaka wa pili ila halikuwa limeniingia.

Mzee_wa_Kanuni

Naomba nitofautiane kidogo na wenzangu. Nimefundisha sheria kwa muda na sikubaliani na huu mtindo wa kusema darasani hamna kitu.

Ile hati ya kiapo ya binti haikuharibika kwa sababu alikosa fildi, iliharibika kwa sababu alisoma Amri ya 19 kanuni ya 3 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai ili ajibu mtihani akaiacha hapo hapo. Kanuni yenyewe inasema kiapo kibaki kwenye mambo ambayo muapaji anaweza kuyathibitisha kwa ujuzi wake mwenyewe. Angeisoma huku anajiuliza "hii inamzuia nani, kwanini," angejua hata bila wakili kumfundisha. Mtu asiyejua kwanini kanuni ipo atanakili sampo ya mwenzie mpaka siku sampo imekosewa, na hapo hatajua kama imekosewa.

Na vitendo si kitu kigeni vyuoni kwetu jamani. Kitivo cha Sheria cha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache pale Mtaa wa Lumumba, na kabla miaka ya 60 haijaisha tayari kulikuwa na Kamati ya Msaada wa Kisheria, walimu na wanafunzi wanasikiliza wananchi wasio na uwezo. Mpaka leo vyuo kadhaa vina utaratibu wa namna hiyo, ila ukiuliza darasa zima nani amewahi kwenda kujitolea wananyoosha mikono wachache. Binti umeshawahi kuulizia chuoni kwako?

La mwisho na hili nalisema kwa uzito. Wewe bado si wakili. Usianze kuwaandikia watu nyaraka mtaani kwa elfu kumi kumi kwa jina la kujifunza. Hao ndo tunaowaita vishoka, Sheria ya Mawakili inawatia hatiani, na walioumizwa na vishoka hapa Dar ni wengi. Viwanja vimepotea.

BintiTabata

Shikamoo mwalimu. Hapana, sikuwahi kuulizia, nilikuwa najua ni ya watu wa mwaka wa mwisho tu. Kesho naenda.

Kuhusu vishoka nimeelewa, nisingefanya hivyo. Ila kuna swali limebaki, kwamba kuandika naweza kujifunza na kesi naweza kwenda kusikiliza, lakini kumsikiliza mtu je? Manake yule baba kilichonishinda kwanza ni yeye mwenyewe kabla hata ya karatasi. Nilikuwa namkatiza, nikamwambia "baba twende kwenye pointi," akanyamaza kabisa. Hilo nalo nani anafundisha?

mama_wa_Mbagala

Mwanangu mimi si mwanasheria wa chuo, ni msaidizi wa kisheria, tumesajiliwa chini ya ile sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, mahakamani hatusimami kama mawakili na kwa mwananchi hatuchukui hela. Tuna ofisi ndogo huku Mbagala, meza mbili, feni moja, benchi liko nje. Wanafunzi huwa wanakuja kwetu, wengine wanakaa siku moja hawarudi manake hawaoni kompyuta.

Nikusimulie ya mwaka jana. Alikuja dada mmoja amebeba mtoto mgongoni, akasema mwenye nyumba anamtoa. Tulikuwa na kijana mwanafunzi, mzuri kabisa, ana akili, akaanza haraka, mkataba upo, umelipa mpaka lini, notisi amekupa ya maandishi. Dada anajibu sijui, sijui, sijui. Kijana akanigeukia akasema mama hapa hamna kesi.

Nikamwambia kaa. Nikamuuliza dada mtoto ana umri gani, amekula? Akasema hajanyonya tangu saa kumi na moja. Nikamwambia mnyonyeshe kwanza tutaongea. Akamshusha mtoto, akafungua kanga, akamnyonyesha, kimya kama robo saa hivi. Kijana alikuwa anaangalia saa. Mtoto alivyolala yule dada mwenyewe akaanza kusema, hatukumuuliza. Kodi ilikuwa inalipwa na mume, mume ana miezi 5 ameondoka yuko kwa mwanamke mwingine Chanika, hela ya mtoto haleti, na mwenye nyumba ni mjomba wake yule mume, anataka chumba ili mume amlete huyo mwenzie. Sasa hiyo ni kesi ya pango? Ile ilikuwa matunzo ya mtoto, tena na ndoa juu yake maana walifunga bomani na cheti anacho, kakikunja kwenye pochi ya simu. Tulianza na ustawi wa jamii.

Kijana akanambia mama mimi ningemwandikia barua kwa mwenye nyumba. Nikamwambia na angeipokea, na dada angetoka kwenye chumba hivyo hivyo.

Nachokueleza ni kwamba mtu akija hasemi shida yake, anasema ile iliyomfanya avae viatu asubuhi hiyo. Ile nyingine iko chini yake. Usimwambie twende kwenye pointi. Neno langu mimi ni "ehee, halafu?" hilo tu, halafu unanyamaza. Ukiona anashika shika kanga au anaangalia mlango usiandike, weka kalamu chini, manake kalamu inawatisha, wanajua polisi.

Na ukimaliza mrudishie maneno yake. Mwambie "mama nimekusikia umesema hivi na hivi, nimekosea wapi?" Atakusahihisha. Hapo ndo uandike.

Ya ardhi pia huku yapo mengi sana. Watu bado wanakwenda baraza la kata wakijua litatoa hukumu kama zamani, tunawaeleza tangu 2021 baraza linasuluhisha tu, ikishindikana ndo wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtu amepoteza miezi anasubiri hukumu ya kata isiyokuja.

Njoo jumanne au alhamisi, utatuona. Chakula cha mchana tunachanga, siku huna utakula tu.

Koti_Jeusi

Mama heshima yako. Miaka yangu yote hii jambo la kuweka kalamu chini hakuna aliyewahi kuniambia, na kuna wateja nikiwakumbuka sasa naelewa kwanini walikuwa wanaishia katikati.

Binti nenda Mbagala. Na kumjibu Mzee wa Kanuni, nakubaliana na wewe kwenye vishoka asilimia mia, na kwenye Amri ya 19 pia, ila mwalimu wangu, yule mwenye ofisi aliyempokea mwanafunzi akamsainia kitabu chake cha fildi wiki nane bila kumweleza kosa hata moja, naye ana deni. Tunapokea vijana, tunawapa mashine ya kopi, tunaweka muhuri wa ofisi kwamba wamefuzu. Mi mwenyewe nimefanya hivyo, wawili nawakumbuka kwa majina. Kuanzia sasa anayekuja kwangu kila ijumaa jioni tunakaa nusu saa na karatasi aliyoiandika, nimeshamwambia karani aweke kwenye kalenda.

Mzee_wa_Kanuni

Hilo nalipokea wakili. Na chuoni nako mwalimu anayekuja kumkagua mwanafunzi fildi aombe kuona nyaraka aliyoiandika kwa mkono wake, asiishie kuuliza kama anaripoti kwa wakati. Nitaanza na wa kwangu.

BintiTabata

Wakuu nimerudi, wiki mbili na nusu zimepita. Chuoni nimejiandikisha kwenye msaada wa kisheria, wanaanza tukifungua. Temeke nimeenda mara tatu, ile ya pili nilikaa shauri la mirathi asubuhi mpaka saa saba, ndugu wawili wanagombea nani awe msimamizi na hakimu anawauliza taratibu kabisa kwa Kiswahili, hakuna aliyeachwa nyuma, nilikuwa nawaza kabla ya ile sheria ya 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kule mahakama za juu mtu alikuwa anashtakiwa na kutafsiriwa kesi yake mwenyewe. Mbagala nimeenda jumanne zote. Mama wa Mbagala shikamoo, yule mzee wa jana amepiga simu?

Hii hapa kiapo ya yule baba, nimebadilisha majina, mahali na tarehe zote:

"Mimi, Mleta Maombi, mtu mzima, Mwislamu, mkazi wa Dar es Salaam, NAAPA na kueleza kama ifuatavyo:

1. Kwamba mimi ndiye mleta maombi katika shauri hili, hivyo nayafahamu mambo ninayoyaapia.

2. Kwamba hukumu ninayotaka kuikatia rufaa ilitolewa tarehe 6 Februari nikiwepo mahakamani.

3. Kwamba tarehe 20 Februari niliugua na kulazwa hospitali hadi tarehe 14 Machi. Nakala ya karatasi ya kuruhusiwa imeambatanishwa, kielelezo A.

4. Kwamba tarehe 15 Machi niliandika barua kuomba nakala ya hukumu na nikaipata tarehe 28 Machi, na kuanzia hapo nilikuwa natafuta wakili na hela hadi tarehe 2 Aprili nilipoleta maombi haya.

UTHIBITISHO: Yote niliyoyaeleza aya ya 1 hadi ya 4 ni ya kweli kwa ujuzi wangu mwenyewe.

Imeapwa hapa Dar es Salaam tarehe ____"

Koti_Jeusi

Hii nikiikuta mezani naifanyia kazi. Mambo matatu.

Aya ya 3, tarehe 6 hadi 20 Februari hajaugua bado. Alikuwa anafanya nini? Muda wa rufaa ulikuwa unatembea, weka aya hapo.

Aya ya 4 ina mambo mawili, ivunje. Barua ya kuomba nakala iwe aya yake na kielelezo B, barua yenyewe yenye muhuri wa kupokelewa. Kutafuta wakili iwe aya nyingine, na useme alikwenda kwa nani na lini, "natafuta hela" peke yake haihesabu siku, na kuanzia 28 Machi hadi 2 Aprili ni siku 5 zinazosubiri jibu.

Jurati umeacha tarehe wazi, ndivyo inavyotakiwa. Itajazwa siku anayoapa, mbele ya kamishna, kwa mkono. Leta ya pili.